Nembo Uliyoniuliza Mimi, Nikaipeleka Gulioni

Devota mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda Keza kumuaga bibi yako, na mama yako anasema utarudi jioni, maana bibi hatakuachia mpaka umalize sahani ya maharage. Nimeurudishia nusu mlango wa karakana, nimekaa juu ya debe la rangi, na mabango yote nimeyageuza yatazame ukuta yasinichungulie nikiandika. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo tumeshindwa. Leo ni siku ya kumi na moja hatujaongea. Ukitaka chumvi unamwambia mama, mama ananiambia mimi, na chumvi yenyewe iko mbele yangu. Jana nimeisukuma kwako bila kusubiri mkalimani, ukala ugali bila chumvi. Haya. Hiyo umeirithi kwangu, siwezi kulalamika.

Kesho unapanda gari la Biharamulo. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kuishi na mwenye nyumba, mama yako ameshakuhutubia, mimi sina la kuongeza. Ila ule unga wa muhogo uliofunga, mtu angedhani huko Biharamulo wanakula mawe.

Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile nembo. Uliniuliza swali, sikukujibu. Sasa unaondoka bila jibu, tena unakwenda kufanya kazi kwa Kazimili, mtu ambaye kwa miaka ishirini sijamwitikia salamu. Nataka jibu ulipate kabla gari halijawaka. Lakini nitaanzia mbali kidogo. Unanijua, mama yako husema nikitumwa kisimani lazima nipitie kwanza kwa kila jirani.

Unajua simpendi Kazimili. Hujui kwa nini, maana nimekuwa nikikudanganya. Nilikuambia aliniibia wateja. Hakuniibia hata mmoja.

Tulikutana Lukole wakati wa kambi ya wakimbizi, vijana wawili, mimi wa hapa Ntobeye, yeye wa Biharamulo. Kazi yetu ilikuwa kuandika vibao. MAJI. ZAHANATI. MSTARI WA AKINA MAMA. Watu walikuwa wengi kuliko miti, na kila mmoja ana haraka. Kibao kisiposomeka, mtu mwenye mgonjwa mgongoni anazunguka kambi nzima. Basi Kazimili alikuwa na tabia moja iliyonikera. Nikimaliza kibao changu, anakibeba, anakisimamisha mbali, kisha anamzuia mpita njia yeyote na kumuuliza, "Pale pameandikwa nini?" Yule mtu akikodoa macho, Kazimili ananigeukia na kusema, "Futa." Hakusema zaidi ya hapo. Futa. Siku moja nilifuta neno MAJI mara tatu, na kila nikifuta namtukana kwa Kihangaza, yeye hasikii kitu, anatabasamu tu.

Alikuwa fundi kunizidi. Nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua. Hapo ndipo tulipoanza kuharibikiana.

Kazi za kambi zilipopungua, kila mmoja akarudi kwao. Mwaka ule ulipobatizwa wewe nikafungua karakana hii, nikaipa jina lako, Devota Mabango, na nikachora nembo. Unaijua, umekua chini yake: simba ameuma brashi. Nilimchora wiki mbili. Manyoya ya shingo peke yake yalichukua siku nne, na mama yako akawa analima peke yake huku amekubeba, ananipita bila kunisemesha. Nilipomaliza nikataka watu waniambie wanaionaje. Nikampa mama yako kazi nyingine: pombe ya ndizi, mtungi mzima, Jumapili baada ya misa, na mirija ya kutosha majirani wote.

Sasa wewe umesoma chuo, unajua maana ya kukusanya maoni. Hebu niambie, ni maoni gani hayo? Kwetu ukimpa mtu mrija akaushika, akauingiza mtungini kwako, huyo kwa siku hiyo ni mtu wako. Hata paa lako likivuja juu ya kichwa chake atasema mvua imekuwa nzuri mwaka huu. Nikasimama mbele yao, brashi mkononi, nikauliza, "Jamani, mnamwonaje?"

"Simba kabisa!"

"Ananguruma huyo. Mimi nimesogeza kiti."

"Baba Devota, sasa ng'ombe wetu watalala wapi?"

Nikavimba. Ndipo akatokea Kazimili na baiskeli yake, amekuja kumtembelea dada yake aliyeolewa huku. Nikampa mrija kwa mikono miwili. Akaupokea, akabaki ameushika.

"Kunywa, ndugu yangu."

"Ngoja nitazame kwanza," akasema. "Nikishakunywa sitaweza kusema."

Akavuka barabara. Akatazama akiwa amesimama, akatazama akiwa amekaa kwenye baiskeli. Akarudi.

"Baba Devota, huyo ni ndama aliyenyeshewa. Na jina la mtoto umelificha chini ya tumbo, mtu wa baiskeli halioni. Futa."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wana mirija yangu mdomoni, wakakohoa. Naye akanirudishia mrija wangu. Mkavu. Mbele ya jumuiya nzima, mbele ya katekista! Devota, kwetu hapa ningeona afadhali anipige kofi. Nilikuwa na brashi ya rangi nyekundu mkononi, nikamchapa nayo mgongoni, shati jeupe la Jumapili. Akajitazama begani, akasema, "Hata mstari huo haujanyooka," akapanda baiskeli akaenda zake.

Ndiyo wizi wote alionifanyia.

Simba nikamwacha. Ningemfutaje baada ya hapo? Wiki haikuisha, watu wakawa wanaelekezana, "Ukifika pale kwenye ndama, kata kushoto." Wewe mwenyewe ukiwa darasa la pili ulirudi ukilia kwamba wenzako wanakuita mtoto wa ndama, nami nikaenda kumgombeza mwalimu, mwanamke wa watu, hana hili wala lile. Chama cha wakulima wa kahawa walipotaka bango kubwa, walinipita wakaenda Biharamulo, nami nikatangaza kila mahali kwamba ni fitina. Kumbe walikuwa wakipita hapa kila siku wanamwona ndama. Na wale walioshika mirija yangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea kazi yenye maana. Walikuwa wananipenda, si kwamba hawakunipenda. Walinipenda, wakanyamaza.

Miaka ishirini nimekaa chini ya ndama nikimwita simba, na kumchukia mtu aliyemtaja kwa jina lake.

Sasa nije kwako.

Uliporudi chuoni na kompyuta yako ya mkononi, ukaja hapa karakana, ukaniwekea nembo mpya mbele yangu. Herufi D, mgongo wake ni brashi, jina limekaa ndani ya tumbo la herufi, na chini yake mstari mwembamba kama mto. Ukasema, "Baba, niambie ukweli. Nataka wewe uniambie."

Niliikodolea macho, ukadhani napima. Sikuwa napima kitu. Niliiona, na mara moja nikajua kwamba ni nzuri, na kwamba mimi katika maisha yangu yote sijachora kitu cha namna hiyo. Nikatafuta mahali pangu ndani yake sikupaona. Simba hayupo. Manyoya hayapo. Nikaona kama umenifuta kwa ustaarabu, bila hata kusema futa. Nikakuambia, "Tutaona," nikaenda kunawa mikono isiyokuwa na rangi.

Usiku huo nikajidanganya kwamba nina busara. Nikasema, mwanangu sitamfanyia kosa nililojifanyia mimi. Sitamtafutia watu wa mrija. Nitamtafutia watu wasiomwonea haya. Nikachukua ile karatasi uliyochapisha, nikaibandika kwenye ubao, na siku ya gulio nikaitundika pale wanapouzia dagaa, bila kusema ni ya nani. Nikapaza sauti: "Anayetaka kusifia apite zake! Natafuta wa kuponda!"

Gulio haliombwi mara mbili jambo kama hilo.

Yule mama wa dagaa akaanza: "Hicho ni kitasa au ni sufuria imekatwa nusu?"

Dereva wa pikipiki akasema, "Ni mjamzito amebeba ufagio."

"Aliyechora alikuwa na homa."

"Hapana, homa inaacha akili kidogo."

Nami nilikuwa katikati, Devota, na sitakuficha, nilikuwa nafurahi. Kila jiwe lililorushwa niliona limeniondolea jiwe langu la zamani. Nikacheka kuliko wote. Nikasema kwa sauti ile yangu ya kuuzia mabango, "Mwenye kazi hii nadhani chuoni alikuwa analala!"

Sikujua uko nyuma yangu, na beseni la nyanya za shangazi yako kichwani. Ukalishusha polepole. Ukapita katikati ya watu, ukabandua karatasi yako, ukaikunja mara mbili. Ukasema, "Aliyekuwa analala ni mimi. Shikamooni."

Mama wa dagaa akaanza kupanga mafungu yake ambayo yalikuwa yamepangwa.

Nyumbani nilikuja na maelezo tele. Kwamba ni kwa faida yako. Kwamba soko halina huruma. Ukanitazama kama mteja anayetaka bango lake lirudiwe, ukasema, "Baba, nilikuuliza wewe. Sikuliuliza gulio."

Hapo ningeweza kusema neno moja tu la kuomba radhi, nawe unalijua. Badala yake nikapandisha sauti. Nikasema mtoto asiyeweza kuchekwa hafai kuandika hata kibao cha choo. Ukasema, "Wewe ulichekwa mara moja, ukachapa mtu brashi." Sijui nani alikuhadithia, namshuku mama yako. Nikaondoka nikapiga mlango, na mlango wenyewe ni wa karakana, hauna kitasa, ukarudi ukanigonga mgongoni. Hukucheka. Hapo nikajua mambo ni mabaya.

Siku mbili baadaye nikasikia umempelekea Kazimili picha ya nembo kwa simu. Namba ulipata wapi sijui. Mama yako ndiye aliyenisomea jibu lake: "Ina makosa manne. Kwa simu siwezi kukuonyesha. Njoo ufanye kazi hapa, tutayaondoa moja moja." Na wewe ukamjibu utakwenda.

Kwa Kazimili! Nilitafuta neno la kukuumiza, na kwa kuwa ni fundi wa maneno makubwa nikalipata haraka. Nilisema, "Nenda, na ukifika huko usiseme una baba." Ndiyo siku ya kwanza ya hizi kumi na moja.

Neno hilo nalifuta. Sijui kama linafutika. Rangi ya mafuta ikishakauka unakwangua mpaka bati linaonekana. Lakini nakwangua. Ukifika sema una baba, na ukitaka ongeza kwamba ni mjinga, atakuambia anajua.

Nilidhani kuna namna mbili tu za kuambiwa kazi yako ikoje: mrija au mawe. Nilikosa kuona kwamba Kazimili hakunipa hata moja. Alivuka barabara. Alikaa kwenye baiskeli akatazama kama mteja. Hakunywa, ili ulimi usilegee, na hakuondoka kimya, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwake. Alijipa taabu juu ya ndama wangu kuliko majirani wote pamoja. Gulioni hakuna aliyevuka barabara. Mimi baba yako sikuvuka.

Basi leo nimevuka. Wewe uliitupa ile karatasi iliyokunjwa jikoni, mama yako akaiokoa isiwashiwe moto, nami nimeiomba kwake kama mtu anayeomba mkopo. Nimeitundika ukutani kwa nje, nikaenda mpaka kwenye migomba ya jirani nikaitazama. Nikapanda baiskeli nikapita mbio, mara nne. Jirani akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo.

Jibu langu ni hili.

D yako inasomeka tangu kwenye kona. Nimejaribu kutoisoma, nimeshindwa. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na umeliweza.

Nywele za brashi umezitawanya mno. Yule mwenye pikipiki alikuwa na mdomo mchafu lakini jicho lake ni zima: ni ufagio. Zikusanye nchani, zitoe tone.

Kijani chako ni kizuri kwenye kompyuta. Hapa kwetu nyuma ya kila bango kuna mgomba. Wakati wa mvua bango lako litapotea kama panzi kwenye majani. Tafuta rangi ambayo shamba haina.

Ule mstari mwembamba kama mto, kompyuta inauchora, mkono hautauchora. Siku umeme hakuna na mteja anasubiri, utapaka kwa brashi juu ya bati lenye mikunjo, na mto wako utakuwa mnyoo. Uondoe au uunenepeshe.

Hayo ni matatu. Kazimili anasema ana manne. Nimekodoa macho mpaka yanatoa machozi, la nne silioni. Akikuonyesha, nijulishe, maana likiwa la maana nitakasirika, na likiwa la kipuuzi nitafurahi sana.

Tena kuna jambo moja ambalo si kosa. Nimelitambua leo, mara ya tatu nikipita na baiskeli, nusura niingie mtaroni. Ile brashi umeilaza mpini upande wa kushoto. Mtu wa mkono wa kulia haishiki hivyo. Wewe ni wa kulia, mama yako ni wa kulia, na katika nyumba hii anayepaka kwa kushoto ni mmoja, yule ambaye masista walimchapa vidole darasa la kwanza na hakubadilika. Nami nilisema humo ndani sina mahali.

Sijui kama ulikusudia. Sikuulizi. Ila kama utasahihisha mengine yote, naomba huo mpini Kazimili asiuguse. Akisema ndilo kosa la nne, bishana naye.

Nimebakiza kukuambia nililofanya mchana huu, uambiwe na mimi kabla hajakuambia yeye kwa kejeli. Nimempigia simu. Namba niliinakili kwenye simu ya mama yako. Ilipoita nilitamani asipokee.

"Nani?"

"Baba Devota. Wa Ntobeye."

Nikasikia msasa unakwaruza bati, kisha ukanyamaza.

"Unataka nini, Mhangaza wewe?"

Nikamwambia anakuja mwanangu. Nikamwambia kazi yake ikiwa mbaya amwambie ni mbaya, asimbembeleze, hapendi. Lakini amwambie ndani, wakiwa wawili, asimwite mpita njia.

Akasema, "Leo wewe ndiye wa kunifundisha namna ya kumwambia mtu?"

"Hapana," nikasema. "Nakuomba."

Devota, neno hilo mtu huyo hakuwahi kulisikia kutoka kwangu, wala mimi sikudhani ninalo. Akasema, "Yule binti ana mkono. Ungejua hivyo kama ungekuwa na macho," akakata simu. Hakuniaga. Simpendi, na nadhani nitakufa simpendi.

Lakini nimemwomba. Akinicheka kwa hilo, mwache acheke. Kazi yangu ya kuwa baba imesemwa, nami niko tayari kuifuta na kuianza upya.

Ni mimi baba yako, mwenye mkono wa kushoto.